Kwa nini farasi huruka akitolewa nje, na mpandaji afanye nini

Tarehe 6 Agosti 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Mjerumani Annika Schleu alikuwa anaongoza mashindano ya wanawake ya pentathloni, mchezo unaounganisha michezo mitano, mmojawapo kuruka vizuizi kwa farasi. Ikafika zamu ya kupanda farasi. Farasi aliyepewa, Saint Boy, akagoma. Alirudi kinyumenyume, akazunguka palepale, akakataa vizuizi, huku mpandaji analia na kumchapa mbele ya kamera za dunia nzima. Kocha Kim Raisner alionekana akimpiga farasi kwa ngumi kutoka kando ya ua, akaondolewa katika mashindano yaliyosalia.

Video ile ingali inasambazwa, na kila ikirudi hurudi na ubishi uleule. Wengine husema farasi alikuwa jeuri, wengine husema alidekezwa, na wapo wanaoshikilia kwamba aliona kitu ambacho macho ya binadamu hayakioni. Kinachosahaulika ni kwamba katika mchezo ule mpandaji alikuwa akipewa farasi kwa kura na kukaa naye dakika 20 tu kabla ya kuingia uwanjani. Zaidi ya hapo, Saint Boy alikuwa ameshagoma siku hiyohiyo chini ya mpandaji mwingine, wa Urusi. Wasiwasi ulikuwa umemjaa kabla Schleu hajamkalia. Baadaye shirikisho la mchezo liliamua kuwaondoa farasi kabisa, na baada ya Paris 2024 nafasi yao imechukuliwa na mbio za kupita vikwazo.

Kwetu Kenya ubishi huu upo kila wiki, bila kamera. Uko Karen na Lang'ata, kandokando ya msitu wa Barabara ya Ngong, kwenye mashamba ya Laikipia na viwanja vya polo vya Gilgil. Farasi ndani ya uwanja wa mazoezi ni mpole, anazunguka vizuri, anasimama akiambiwa. Mtoe nje ya geti, umpeleke njia ya vumbi au msituni, anabadilika. Shingo inapanda, hatua zinakuwa fupi fupi, jasho linamtoka bila kazi, halafu ghafla kichwa kinashuka, miguu ya nyuma inapaa, na mpandaji yuko chini. Mwenye farasi anamlaumu saisi, yaani mtunza farasi, kwamba hakumfanyisha kazi. Saisi anasema farasi amelishwa nafaka kupita kiasi. Mpandaji anaomba fimbo ndefu zaidi. Na farasi anabaki na jina la "mkorofi", jina ambalo likishamganda ni vigumu kumtoka.

Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba kuruka ni dalili, na dalili hiyo ina vyanzo vinne tofauti: maumivu, nguvu zilizojaa, woga, na somo alilofundishwa bila mtu kukusudia. Kila chanzo kina dawa yake, na dawa ya kimoja mara nyingi huchochea kingine. Ndiyo maana watu wawili wenye uzoefu wanaweza kubishana juu ya farasi mmoja na wote wakawa wanasema kweli kuhusu farasi waliowahi kuwajua.

Nini hasa kinatokea mwilini

Farasi akikerwa ana njia kadhaa za kuonyesha. Anaweza kushtuka, yaani kuruka pembeni kwa nusu sekunde kisha akatulia. Anaweza kutimka, akakimbia bila kusikia hatamu. Anaweza kusimama wima kwa miguu ya nyuma. Na anaweza kuruka kwa maana tunayoizungumzia hapa: anashusha kichwa, anakunja mgongo kwenda juu, kisha anairusha miguu ya nyuma hewani, mara moja au mfululizo. Kuzitofautisha ni muhimu kwa usalama. Anayesimama wima ukimvuta hatamu kwa nguvu anaweza kuanguka chali, na wewe ukiwa chini yake. Anayeruka ukimwachia hatamu zote umempa nafasi ya kushusha kichwa, na hicho ndicho anachokihitaji ili aruke vizuri.

Farasi mzima wa mbio ana kilo 450 hadi 550, kwa hiyo hakuna binadamu anayeweza kumzuia kwa nguvu za mikono. Kuna mambo mawili ya kimaumbile yanayomsaidia mpandaji, na ni vema kuyakumbuka maana nitayarudia. La kwanza, kichwa kikiwa juu mgongo haukunjiki sawasawa, hivyo mruko unakuwa dhaifu. La pili, farasi anayesonga mbele kwa bidii anaitumia miguu yake ya nyuma kusukuma mwili. Ili aruke kwa nguvu inabidi kwanza apunguze mwendo au akwame.

Kuruka kwenyewe hakuna ubaya ndani yake. Watoto wa farasi hurukaruka malishoni wakicheza, na wakubwa pia asubuhi ya baridi. Pia ni kinga ya zamani sana. Farasi na pundamilia ni wa jamii moja, na aliyemwona simba akimwinda pundamilia anajua anakolenga kutua: makalioni na mgongoni. Mnyama wa jamii hii asiyejua kukitupa kilichomrukia mgongoni hakuacha wajukuu. Kwangu mimi la ajabu ni kwamba farasi hukubali kabisa kubeba mtu mahali palepale, siku baada ya siku, na mara nyingi bila neno.

Hapo pia panaondoka dhana moja iliyoletwa na picha za rodeo za Marekani, mashindano ya kukaa juu ya farasi anayeruka, kwamba farasi anayeruka ni farasi wa porini asiyefugika. Wengi wa farasi wale wamezalishwa kwa kazi hiyo makusudi, na hufungwa mkanda ubavuni ili warushe miguu ya nyuma juu zaidi. Wengine wanaamini mkanda huo hufungwa kwenye korodani. Si kweli, na katika rodeo huruka hata farasi majike. Lakini rodeo haituambii lolote kuhusu farasi wa kawaida aliyekuwa mtulivu mwezi jana na leo haendeki.

Maumivu yatangulie

Ikiwa utakumbuka kitu kimoja tu katika makala hii, kiwe hiki: farasi aliyekuwa haruki na sasa anaruka, muite daktari wa mifugo kabla ya kumuita mkufunzi. Farasi hana namna ya kusema "naumia" akiwa amepandwa, ila kwa mwili. Daktari wa mifugo wa Uingereza, Sue Dyson, pamoja na wenzake wametengeneza orodha ya tabia 24 za farasi akiwa amepandwa, kama kukunja masikio nyuma kwa muda mrefu, kufungua mdomo, kuchapachapa mkia, kujikwaa, kukataa kwenda mbele na kuruka. Farasi anayeonyesha nane au zaidi kati ya hizo ana uwezekano mkubwa wa kuwa na maumivu ya misuli au mifupa. Tabia nyingi katika orodha ile ni zile ambazo kwenye mabanda yetu huitwa ukaidi.

Anza na tandiko. Mwili wa farasi hubadilika na majira. Tandiko lililomkaa vizuri Februari, akiwa amekonda kwa kiangazi, linaweza kumbana Julai akiwa amenenepa kwa nyasi za mvua za masika. Baada ya safari, livue tandiko na uangalie jasho. Linatakiwa kuwa limelowesha mgongo sawasawa pande zote mbili. Ukiona kipande kikavu katikati ya jasho, ama tandiko linakandamiza sana pale, ama haligusi kabisa. Nywele nyeupe zilizoota kwenye nundu ya mabega ya farasi wa rangi nyeusi au hudhurungi ni kovu la tandiko baya la zamani. Weka kiganja na upapase taratibu pande zote za uti wa mgongo. Akizama chini ya mkono wako au akigeuka kutaka kukuuma, amekujibu.

Halafu mdomo. Meno ya farasi huota na kusagika maisha yake yote, na kingo za nje za magego ya juu huwa na makali yanayokata shavu. Yakaguliwe na kusawazishwa angalau mara moja kwa mwaka. Farasi mwenye vidonda mdomoni atakuwa mtulivu akiendeshwa kwa hatamu legevu uwanjani, na atalipuka nje pale mpandaji mwenye wasiwasi anapozikaza. Watu wataona ni "nje" kunakomsumbua, kumbe ni mdomo.

Zipo kwato zilizopitisha wiki nane bila kuguswa na fundi. Vipo vidonda vya tumbo, ambavyo ni vya kawaida mno kwa farasi wa mbio. Kuna mifupa ya uti wa mgongo inayogusana. Na huku kwetu kuna kupe, wanaojificha ndani ya masikio, chini ya mkia na pale hasa mkanda wa tandiko unapopita. Saisi mzuri hupitisha vidole sehemu hizo kila jioni, na kazi hiyo ya dakika chache ambayo hakuna anayeiona imewaepusha wapandaji wengi na kuvunjika mbavu.

Utatofautishaje maumivu na mengine? Maumivu hujirudia mahali pamoja pa mwendo: kila akiingia shoti, kila akigeuka kushoto, kila mkanda ukikazwa. Nguvu zilizojaa hupungua safari inavyoendelea. Baada ya nusu saa unakuwa juu ya farasi mwingine. Woga una kitu chake, hata kama wewe hukioni, na kitu kikipita naye hushuka. Na tabia iliyofunzwa ina lengo, kwa kawaida lengo la kurudi bandani. Huu si mtihani wa hospitali, na farasi mmoja anaweza kuwa na viwili kwa pamoja, lakini mwezi mmoja wa kuandika kwenye daftari lini ameruka, wapi na akifanya nini, utakuonyesha zaidi ya mabishano ya mwaka mzima.

Nguvu zilizojaa, na farasi aliyetoka kwenye mbio

Farasi akiachwa huru hutumia saa 16 hivi kwa siku akila na kutembea polepole. Sasa mchukue huyo, mfungie chumbani saa 22, mpe ndoo mbili za nafaka, kisha umpande saa moja asubuhi ya Julai yenye baridi na upepo, na umtarajie atembee kwa heshima. Anaporuka, mwili wake unatoa kilichowekwa ndani yake.

Dawa ya kwanza hapa ni malisho ya nje na wenzake, na dawa ya pili ni kurekebisha chakula. Farasi wa kilo 500 anahitaji kati ya kilo 7.5 na 10 za nyasi kavu kwa siku, au malisho yanayolingana na hizo, kabla hujafikiria nafaka. Majani makavu ya Boma Rhodes yakiwa safi na yasiyo na ukungu yanatosha farasi wengi wanaofanya kazi nyepesi. Mahindi na shayiri ni mafuta ya kazi nzito. Farasi anayetoka nje mara mbili kwa wiki hana kazi hiyo. Na siku asizofanya kazi nafaka ipunguzwe, maana wengi humlisha kiasi kilekile wiki nzima ya mvua akiwa amesimama tu.

Kuna wanaopita upande wa pili na kumnyima chakula ili atulie. Usifanye hivyo. Tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, ale asile. Akikaa saa nyingi bila nyasi, asidi inamchoma, na ukimkimbiza akiwa na tumbo tupu inaruka hadi sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga. Njaa humgeuza farasi mwenye nguvu nyingi kuwa farasi mwenye maumivu. Mpe nyasi kidogo kabla ya kumpanda.

Hapa inabidi nikae kidogo kwa farasi waliostaafu mbio, kwa sababu ndio wengi wa farasi wanaopandwa kwa starehe Nairobi, na ndio wanaoeleweka vibaya kuliko wote. Wakimaliza kazi kwenye uwanja wa Barabara ya Ngong, wengine huuzwa au kutolewa bure wakiwa bado vijana wa miaka minne au mitano. Anayemchukua hudhani amepata farasi aliyekwisha kufundishwa. Ni kweli amefundishwa, ila amefundishwa kazi nyingine. Farasi wa mbio hujifunza kuegemea hatamu, na hatamu zikikazwa yeye huongeza kasi. Mpandaji wake hurushwa juu na msaidizi huku farasi akitembea, kwa hiyo hajui kusimama tuli mtu akikanyaga kikuku cha tandiko na kujivuta ubavuni. Hajawahi kupandwa na mtu anayekaa chini na kuning'iniza miguu mirefu tumboni. Wapandaji wake walikuwa wakichuchumaa juu kabisa. Na tangu akiwa na miaka miwili, akitoka nje hutoka na kundi, na uwanda wa nyasi mbele yake maana yake ni kukimbia.

Basi mtu mpya anampanda peke yake, anaingia kwenye njia ya wazi, farasi anachangamka kwa sababu amejua kazi imefika, mpandaji anaogopa na kukaza hatamu, farasi anaelewa "sasa!", anazuiwa tena, na nguvu ambayo haikupata njia ya mbele inatokea nyuma. Kila mmoja amefanya alichofundishwa. Farasi kama huyu anahitaji miezi ya kupumzika malishoni, kisha kuanzishwa upya kwa utulivu, tandiko jipya likiwemo, maana misuli yake itabadilika. Ukimnunua Jumatatu na kumpeleka msituni Jumamosi, umemwonea.

Woga: nje kuna nini

Asubuhi ya tarehe 24 Aprili 2024 farasi wa kikosi cha jeshi la kifalme walitimka katikati ya London baada ya vifaa vya ujenzi kuangushwa kutoka juu karibu nao. Askari wanne walirushwa chini, na farasi watano wakakimbia mitaani, mmoja mweupe akiwa ametapakaa damu kifuani. Hao walikuwa farasi waliozoeshwa bendi, umati na magari. Yaani mazoezi hupunguza woga bila kuufuta, na atakayekwambia farasi wake haogopi chochote hajakutana bado na kitu chenyewe.

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu duara zima, isipokuwa kipande kidogo mbele ya paji la uso na kingine nyuma kabisa ya mkia. Bodaboda inayotokea nyuma huisikia kabla hajaiona, kisha huibukia pembeni ghafla. Kutoka jua kali kuingia kivuli cha msitu, macho yake huchukua muda mrefu kuliko yetu kuzoea giza. Hatua za kwanza ndani ya miti anatembea karibu kipofu. Rangi nyekundu na kijani hazitofautishi vizuri kama sisi. Masikio yake hugeuka kila moja upande wake na kunasa sauti ambazo wewe huzipati. Kwa hiyo wanaosema "ameona kitu" wana haki kwa kiasi fulani. Ameona gunia lililopeperuka kwenye ua, amesikia nyani juu ya miti, amenusa kitu kilicholala vichakani. Huko Laikipia kitu hicho kinaweza kuwa tembo, na hapo ni wewe unayepaswa kumsikiliza yeye.

Je, anajua kwamba unaogopa? Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi waliwaambia watu waliokuwa wakiongoza na kupanda farasi kwamba safari ya nne mwavuli ungefunguliwa ghafla njiani. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda kwa kuungoja tu, na ya farasi yakapanda pamoja nao, ingawa farasi hawakuambiwa lolote. Mwili wako ukikakamaa yeye anasoma hatari. Hii haimaanishi kosa ni lako, ila kupumua kwa kina na kulegeza mabega ni sehemu ya kumtuliza farasi.

Somo alilofundishwa bila kukusudia

Farasi hujifunza kwa kile kinachokoma. Unambana miguu, anasonga, unaacha kubana: amejifunza kusonga. Vivyo hivyo, anaruka, mpandaji anaanguka, anarudishwa bandani, anavuliwa tandiko na kupewa nyasi. Mara mbili tatu za namna hiyo zinatosha. Hata maumivu yakishatibiwa, somo linaweza kubaki, na ndipo watu hukata tamaa na kusema daktari alikosea.

Fimbo hapa haina kazi. Adhabu inayokuja sekunde kadhaa baada ya tendo farasi haiunganishi nalo. Anajifunza tu kwamba mtu, au njia ile, huleta kipigo. Lijamu kali zaidi nayo huongeza maumivu ya mdomo kwa farasi ambaye pengine alianza kwa maumivu. Dawa ya kutuliza ni jambo la daktari, kwa kazi kama kushona kidonda. Farasi aliyelegezwa kwa dawa bado anaweza kushtuka, na sasa miguu haimtii. Kumpanda akiwa hivyo ni hatari kwa wote wawili.

Ukiwa juu yake

Kabla ya kutoka, dakika kumi na tano uwanjani za kugeuka, kusimama, kurudi nyuma hatua mbili, kubadilisha mwendo, zinamwambia farasi kwamba leo tunazungumza. Kumzungusha kwa kamba ndefu kunaweza kusaidia kuondoa msisimko wa kwanza, lakini usimkimbize kwenye duara hadi achoke. Ukifanya hivyo kila siku unamjenga pumzi, na mwezi ujao itakubidi umkimbize mara mbili zaidi, huku viungo vyake vinaumia. Kofia ngumu ya kichwani isikosekane, kwa saisi pia. Naumia kila ninapoona mgeni amevaa kofia na saisi anayepanda farasi mgumu kuliko wote yuko kichwa wazi.

Toka na farasi mzee mtulivu, umweke mbele au ubavuni. Safari za kwanza ziwe fupi kiasi kwamba mnarudi kabla hajachoka akili. Ukiweza, pita njia ya mzunguko, maana kugeuza mahali palepale kila siku humfundisha mahali pa kugombania. Usikimbie shoti sehemu ileile kila mara, na usikimbie kamwe kuelekea nyumbani. Kilomita ya mwisho iwe ya kutembea. Kuteremka na kumwongoza kwa mkono sehemu inayomtisha ni ujuzi, mradi uteremke angali amesimama.

Mruko huwa unatuma taarifa. Mgongo unakuwa mgumu chini yako, hatua zinafupika, mkia unabanwa, kichwa kinaanza kupimapima urefu wa hatamu. Hapo ndipo pa kufanya kazi. Mpe kitu cha kufikiria: zunguka kichaka hiki, kisha kile, mchakamchaka hatua kumi, tembea, geuka. Kosa kubwa hapa ni kukaza hatamu zote mbili na wakati huohuo kubana miguu tumboni kwa woga. Ni sawa na dereva wa bodaboda anayevuta breki huku anaongeza mafuta. Legeza kimojawapo. Kwa farasi huyu, mara nyingi kinachotakiwa ni kumruhusu aende mbele.

Akiruka, kaa. Visigino chini, mabega nyuma, macho yaangalie mbali, kwa sababu ukimtazama shingoni mwili wako unafuata macho. Mkono mmoja ushike singa au mkanda wa shingoni, uliofungwa kabla ya kutoka kwa ajili hiyo. Mkono wa pili uinuke ili kichwa kipande, kisha ukigeuze pembeni taratibu, makalio yahame upande na nguvu ya mruko ikatike. Mara tu anaposikia, achia. Kisha mbele. Hatua hii ifanyiwe mazoezi uwanjani farasi akiwa amesimama, halafu akitembea, hadi iwe ya kawaida kwenu nyote. Ikiwa yuko kwenye shoti usimvute ghafla upande mmoja, anaweza kujikwaa na kubingirika. Mzungushe kwenye duara kubwa unalolipunguza kidogo kidogo.

Akitulia, mpe kazi ndogo anayoiweza, aifanye, kisha mwendelee japo mita hamsini. Safari isiishie pale aliporuka, isipokuwa umeumia au unahisi yeye ameumia.

Ukianguka na kugonga kichwa, hupandi tena siku hiyo, hata kama unajisikia vizuri na hata kama wenzako wanasema panda usije ukaogopa. Kizunguzungu, kutapika, kusahau kilichotokea, hayo ni ya hospitali mara moja. Kofia iliyogonga chini kwa nguvu ibadilishwe ingawa haina ufa. Farasi atembezwe kwa mkono na mtu mwingine, akaguliwe miguu na mgongo, na tandiko liangaliwe kama halijapinda.

Na saisi asikilizwe. Yeye ndiye anayejua kwamba jana jioni farasi aliacha chakula, kwamba asubuhi alikataa kuinua mguu wa nyuma wa kulia, kwamba mkanda mpya wa tandiko haumpendezi. Akisema "huyu leo tusimtoe", mara nyingi amesema kwa sababu ambayo hajaulizwa. Mwulize.

Wapo farasi ambao, baada ya daktari, tandiko, malisho na miezi ya kazi ya subira, bado si salama kwa mpandaji wa kawaida kwenda nao nje. Huyo anaweza kufaa kwa mpandaji hodari, au kwa kazi ya uwanjani tu, au kustaafishwa malishoni. Ukiamua kumuuza, mwambie mnunuzi yote waziwazi: kwamba anaruka, huruka wapi na wakati gani, nini kimeshachunguzwa na nini kimeshajaribiwa, na umkabidhi lile daftari. Farasi anayeuzwa mkono kwa mkono huku tabia yake imefichwa huishia kupandishwa mtoto.